Viazi Visivyomenywa

Jumapili, 6 Julai 2025

Mambo yameiva! Jolly amekubali nifike kwao Bwera Jumamosi hii na wazee wangu, nijitambulishe rasmi. Nikipokelewa, tunaoana Desemba. Nisipopokelewa, basi. Jolly alinieleza hivyo hivyo, akinitazama usoni. Kwao mtu harudi kuomba mara ya pili.

Sharti ni moja. Mama yake, Mama Rusi, atatoa mbuzi, sombe ya majani ya muhogo na obundu, ule ugali wao wa muhogo. Upande wangu ulete viazi ulaya vya kuwatosha wageni, vifike Ijumaa kabla ya jua kuwa kali. Sharti jepesi! Yosamu, jirani yangu ambaye atakuwa msemaji wangu siku hiyo, alisema hata mjinga hawezi kuliharibu.

Ila kuna tatizo. Bwera nzima, mwenye viazi vizuri vya gunia ni Tsongo. Tsongo mwenye lori. Tsongo anayempelekea Jolly soda baridi dukani kwake kila alasiri! Nikimuuliza Jolly, anasema ni kaka yake. Huku kila mtu ni kaka wa mtu. Mimi si mtoto. Nikamchumbie Jolly kwa viazi vya Tsongo? Afadhali nile udongo.

Nimepata wazo. Zamani nikishona mifuko kiwanda cha saruji, palikuwa na fundi mgeni kutoka Ulaya. Mchana alimimina chenga nyeupe kwenye bakuli, akatia maji ya moto, akageuza kwa uma mara chache. Viazi tayari, vimepondwa! Bila kumenya, bila kisu, bila moshi. Alinionjesha, na mpaka leo sijasahau.

Fikiria! Wageni wote wavile Jumamosi. Jumatatu yake watavitaka madukani. Na wakala wa wilaya nzima, kutoka Karusandara mpaka mpakani, atakuwa nani? Odoch! Mke na biashara kwa siku moja. Nimekosa usingizi wa mchana kwa furaha.

Jumatatu, 7 Julai 2025

Nimezunguka maduka ya Kasese mpaka viatu vimelalamika. Duka la kwanza walinipa krispi. Nikasema si krispi, ni viazi vilivyokaushwa. Wakanipa wanga wa kupigia nguo pasi. Duka la pili wanakijua kitu chenyewe, waliwahi kuwa nacho, lakini watalii wa kupanda Rwenzori walikibeba chote mlimani. Duka la tatu muuzaji alinitazama kwa huruma, akaniuliza kama meno yangu yana shida.

Mwisho, supamaketi ya Arinaitwe. Zipo! Rafu ya chini kabisa, kati ya mishumaa na sabuni ya kufulia. Picha kwenye boksi imepauka kwa jua. Boksi la kwanza lilikuwa gumu, nimeligonga kwenye kaunta likalia ko! Boksi la pili chenga zilichezacheza ndani vizuri, ila lilinuka sabuni. Tarehe ya kuisha imefunikwa na stika ya bei. Nilipotaka kuibandua, Arinaitwe alinishika mkono. Akasema kitu kikavu hakina tarehe, akaniuliza mchanga huwa unaisha lini. Mtu huyu ana akili za hatari.

Nimenunua la sabuni. Lakini hilo ni la watu wachache, na Bwera watakuja ukoo mzima. Siku zinakwenda na sina viazi.

Jumanne, 8 Julai 2025

Siku ya soko Bwera. Nilifika mapema, nimevaa kofia ili Tsongo asinitambue. Nilipita kwenye vitenge, mafuta ya mawese, samaki. Mwisho kabisa nilimkuta mama mmoja aliyevuka kutoka ng'ambo, kutoka Kongo, na gunia jeupe lisilo na maandishi. Ndani, chenga!

Nilimuuliza kama ni viazi. Alisema, "Ndiyo, papa. Ni pire, viazi ya kuponda. Bazungu beko nakula hii kila siku, na banakuwa banene." Nikauliza ubora. Akachota kiganjani, akapuliza, chenga zikaruka. Akasema mbovu hairuki. Kipimo safi kabisa! Nilinunua gunia zima kabla hajabadili mawazo.

Niligeuka nikakutana uso kwa uso na Tsongo, amekaa juu ya lori lake. Kofia haikusaidia. Aliniamkia kwa heshima, akasema amenitengea viazi vyema vya Jumamosi, vikubwa, havina jicho bovu. Nikamwambia nimeshapata. Akaliangalia gunia langu. Nilikuwa nimelining'iniza kwa vidole viwili! Gunia la viazi halibebwi kwa vidole viwili. Haraka nikalitupia begani, nikapinda mgongo, nikaguna. Nilihisi macho yake kisogoni mpaka nilipokata kona.

Yakaja mengine. Kwenye kizuizi cha barabarani, askari mmoja akanisimamisha. "Wewe! Fungua!" Nikafungua. "Hii nini?" Nikasema, viazi, afande. Akacheka. Kisha akaacha kucheka. "Viazi gani iko hivi? Kula!" Nilitia konzi mdomoni, kavu kavu. Zilinyonya mate yote. Zikavimba. "Sema sasa! Ilitoka wapi?" Nilitaka kusema, ulimi haukuondoka mahali pake. Aliniangalia macho yalivyonitoka, akaamini kwamba ni chakula, akaniruhusu nipite. Nilipata sauti nikiwa tayari nimekaribia nyumbani.

Jumatano, 9 Julai 2025

Majaribio. Nilichukua lile boksi la sabuni, maji ya moto, kijiko. Nikageuza taratibu kama yule fundi. Ajabu! Laini, nyeupe, zinatoa mvuke. Yosamu alikula mpaka akalamba bakuli. Alisema harufu ya sabuni inampa mtu hisia za usafi. Sina haja ya kujaribu zile za gunia. Kiazi ni kiazi.

Jioni Jolly akapiga simu. Sauti yake haikuwa ya kawaida. Tsongo amemwambia mama yake kwamba Odoch hajanunua kiazi hata kimoja Bwera. Mbea mkubwa! Jolly akauliza, viazi vipo au havipo? Nikasema vipo. Akauliza, viko kwenye magunia? Nikasema viko kwenye gunia. Si uongo!

Akasema kwamba anayeamua si mama yake, ni shangazi yake mkubwa, Zerida. Zerida alishawahi kumrudisha mchumba wa dada yake Jolly kwa sababu alikuja amechelewa na harufu ya pombe. Akasema nikimtia mama yake aibu mbele ya Zerida, yeye hataweza kunitetea. Akalia. Nilimwambia atulie, nimepanga kila kitu. Ninampenda msichana huyu kuliko ninavyoweza kuandika hapa.

Alhamisi, 10 Julai 2025

Mvua! Julai! Nani alisikia mvua kama hii Julai? Bati langu linavuja mahali pamoja tu katika nyumba nzima, na gunia nililiweka hapo hapo.

Kona moja imelowa. Nilitia mkono kutoa zilizoharibika, mkono ukanasa. Nikautoa, ukanasa kwenye neti ya mbu. Nikavuta neti, neti ikaja na msumari wake. Yosamu alinibandua kwa maji ya moto. Nguvu ya viazi hivi si mchezo! Mtu akivila atashiba mpaka keshokutwa. Nimemwambia Yosamu hii ndiyo dalili ya ubora, vile vya Arinaitwe havikunasa hata kidogo.

Yosamu aliuliza kama nina hakika. Nimemkumbusha kwamba yeye ni msemaji, si mpishi. Kazi yake Jumamosi ni swali moja tu. Zerida atauliza tumekuja kutafuta nini, naye atajibu tumekuja kumuomba Jolly. Msemaji akinyamaza hapo, wenyeji huhesabu kwamba wageni wamebadili nia. Tumerudia jibu mara nyingi, anajibu vizuri sana.

Gunia nimelilaza kitandani. Mimi nitalala kwenye mkeka.

Ijumaa, 11 Julai 2025

Niko Bwera, kwa rafiki wa Yosamu.

Nilifika kwa Mama Rusi na gunia langu. Uani palikuwa pamejaa wanawake. Mikeka imetandikwa, mabeseni ya maji yako tayari, kila mmoja ana kisu chake, wengine wanavinoa kwenye jiwe. Katikati ameketi shangazi Zerida, mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Wote wakaangalia nyuma yangu, wakitafuta lori.

Nikaweka gunia chini. Nikatoa hotuba. Nilisema, mama zangu, shangazi zangu, leo hammenyi kitu! Nimewaondolea mateso! Kesho ni maji ya moto tu!

Kimya. Nilifikiri ni furaha imewazidi. Zerida akachungulia ndani ya gunia, akatazama kisu chake. "Na sisi banamuke tulikuja kufanya nini?" Nikamwambia, kupumzika, shangazi! Akakifuta kisu kwenye kitenge, akakiweka mfukoni. Mmoja baada ya mwingine wakaviweka vyao. Wakakunja mikeka. Hawakugombana. Ingekuwa afadhali wangegombana!

Jolly alinivuta nyuma ya jiko. Macho mekundu. Akaniuliza kama kweli sijui. Nijue nini? Akasema kumenya si kazi ya jikoni. Kumenya ndiko wanakoamulia. Shangazi zake wanaketi na viazi siku nzima, na katika kumenya wanamzungumza mchumba: ukoo wake, hasira zake, kama ana mkono mzito. Aliye na kinyongo anakisema pale. Beseni la mwisho likijaa, wameshakubaliana. Hakuna anayeitisha mkutano wa kukubali mtu. Leo hawakumenya, kwa hiyo hakuna aliyesema ndiyo. Kesho Zerida atasimama mbele ya watu akiwa hana la kusema.

Wakati huo huo nani akatokea mlangoni? Tsongo. Amesikia. Akasema lori lake limejaa, alete sasa hivi, bado kuna mwanga wa kutosha. Jolly akanitazama. Lilikuwa neno moja tu, ndiyo. Niliwaza soda zote zile. Nikasema asante, tumejitosheleza.

Jolly aliondoka bila kuniaga. Lakini kesho wakionja, watasahau visu. Ni lazima.

Jumamosi, 12 Julai 2025

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi Mama Rusi aliwakabidhi gunia wapishi wa obundu. Wanawake wenye mikono! Wakachemsha maji kwenye sufuria kubwa, wakamimina chenga, wakaona ni unga, wakafanya wanavyofanyia unga. Wakaibana sufuria kwa miguu, wawili wawili na miiko mirefu, wakasonga. Palipotokea donge wakazidisha. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa hapo hapo, nawashangilia! Kazeni, mama, kazeni!

Kadiri walivyosonga, ndivyo kilivyogeuka. Kwanza kiling'aa. Kisha kikavutika. Kisha mwiko mmoja ukakataa kutoka. Mpishi akauvuta, sufuria nzima ikainuka. Yule fundi aligeuza kwa uma mara chache. Mara chache! Nilikumbuka hapo, maji yakiwa yameshamwagika.

Wageni walikuwa wameshaketi chini ya turubai. Zerida akasimama na sahani. Akasema kwao chakula kilicholetwa na wageni huonjwa kwanza na aliyekileta, mbele ya watu. Yosamu, msemaji wangu, mtu wa watu, akanyoosha mkono kabla yangu. Akachukua tonge la mtu mwenye njaa. Akalitia lote.

Akatafuna. Akatafuna tena. Taya zikapunguza mwendo. Zikasimama.

Na Zerida akauliza. "Bageni, muko natafuta nini hapa kwetu?"

Yosamu akafungua macho. Mdomo haukufunguka. Akatoa sauti ya puani. Nilimwona Jolly amesimama mlangoni, kitambaa mkononi, anangoja. Zerida akauliza mara ya pili. Yosamu akajaribu kwa vidole, vidole navyo vikanasa. Mzee mmoja akasema kwa sauti kwamba basi, wageni hawana walichokuja kutafuta. Watu wakaanza kuinuka. Mama Rusi akafunika uso kwa kitenge chake.

Siruhusiwi kusema. Mchumba hasemi siku hiyo, anakaa kama mzigo ulioletwa. Lakini nilisimama. Nilipiga kelele, "Tunamtafuta Jolly! Nilikosea viazi tu! Jolly sikumkosea!" Sauti yangu ilivunjika katikati. Niliona aibu, na sikujali.

Zerida alinitazama juu ya ile miwani yake, akamwita Tsongo. Alisema neno moja, "Leta." Lori lilikuwa nje ya ua tayari! Tangu asubuhi! Akateremsha magunia. Mikeka ikatandikwa tena, visu vikatoka. Wageni wakaambiwa wangoje. Zerida akaniashiria niketi kati yake na mdogo wake, akanipa kisu chake mwenyewe. Akasema aliyekimbia kumenya ndiye atakayemenya.

Nilimenya mchana kutwa, na suti yangu, mbele ya watu. Walinihoji bila huruma. Baba yangu alikuja lini huku kufanya kazi migodini? Alimpiga mama yangu? Mimi ninapokasirika ninavunja nini? Kwa nini niliacha kiwanda? Kila nilipopamba jibu, kisu kilipita kwenye kidole. Nikaacha kupamba. Zerida aliokota maganda yangu, akayapima unene kwa vidole, akasema kwa mume huyu watoto watakula maganda na kuku watakula viazi. Wanawake wakacheka. Kilikuwa kicheko cha kwanza tangu jana, na nilitaka kulia.

Humo humo kwenye mkeka ndipo niliposikia kwamba Tsongo ni mtoto wa dada yake Mama Rusi. Kaka kweli! Soda ni za kumlipa Jolly kwa kumwandikia hesabu za lori. Wote walinishangaa. Walisema, Jolly si alikuambia?

Beseni la mwisho lilijaa jua likielekea Kongo. Zerida hakutangaza kitu. Alisuuza mikono, akasema tu kwamba Desemba mvua huwa zimepungua, barabara itakuwa nzuri. Mama Rusi akapiga vigelegele. Jolly akaketi kando yangu, akalifunga jeraha la kidole changu kwa kile kitambaa chake. Sikuwahi kuwa na furaha kama hiyo.

Kile kisu Zerida alinipa nikae nacho. Alisema nije nacho Desemba, nitamenya tena, na nimwapie hapo hapo kwamba sitaleta tena chakula cha gunia la ajabu katika nyumba ile. Nimeapa mbele ya wote, mkono juu ya kisu.

Yosamu alipata sauti wakati wa kugawa nyama. Neno lake la kwanza lilikuwa, "Jolly!" Walimpigia makofi.

Jumatatu, 14 Julai 2025

Kidole kinapona. Nimeyatafakari yote kwa utulivu na nimeona kosa lilikuwa wapi. Lilikuwa kwenye viazi. Viazi si bidhaa ya kuaminika.

Leo nilipita kwa Arinaitwe, kumwamkia tu. Rafu ile ile ya chini, nyuma ya mishumaa, nini kile? Mayai ya unga! Mkebe mkubwa, umebonyea kidogo, tarehe imefunikwa na stika. Sikuibandua, tunaheshimiana sasa. Unachota, unatia maji, yai tayari. Keki ya harusi inahitaji mayai mengi, na mama zake Jolly watayavunja moja moja, asubuhi nzima, wamekaa uani wakipiga soga. Mateso matupu! Nitawaokoa. Zerida alisema gunia. Huu ni mkebe.

Halafu nimechunguza, muuza mayai mkubwa wa Bwera ni kijana mmoja anaitwa Yonasani, na Jumamosi alimsalimia Jolly kwa mikono miwili. Jolly anasema ni binamu yake.

Mkebe ulikuwa umeshika kutu kwenye kifuniko. Nimeufungua kwa kisu cha shangazi Zerida. Kisu kizuri sana.